Sufuria Haimo Kwenye Barua Yako

Barking
3 Februari 2025

Mama Minal, shikamoo.

Ni mimi Aika, yule aliyekuwa akija asubuhi kukuogesha na kukugombeza usipokula. Tangu tuhamie huku Barking mwezi uliopita kampuni imenipa wazee wa huku, na Kingsbury nimeiacha kwa machozi. Nasikia wamekuletea Shiku, yule binti wa Kikenya. Mpokee, jamani. Ana roho nzuri, hata kama chai hajui kupika.

Simu najua huipendi kwa sababu ya masikio, ndiyo maana naandika. Nina shida. Kuna kampuni huku inatafuta kiongozi wa wahudumu wa majumbani, mtu wa kupanga nani aende kwa mzee gani na kuwafundisha wanaoanza. Ni kazi ya mchana na ya mshahara wa mwezi, siyo hii yetu ya kulipwa kwa saa na kulala na simu mkononi. Nimeogesha wazee wa jiji hili la Waingereza miaka kumi na moja, Mama. Magoti yameshaniambia basi. Tangu nitoke Same sijawahi kutaka kitu nikakitaka hivi.

Tatizo ni barua. Nimeomba kazi za namna hii mara kadhaa na hakuna aliyeniita hata intavyuu. Wewe ulikaa ofisi ya ajira mpaka ukastaafu, kazi yako ikiwa kusoma barua za watu. Nitazamie yangu:

“Kwa heshima na taadhima, naomba nafasi iliyotajwa hapo juu. Mimi ni mama wa watoto wawili, Mlutheri, mcha Mungu, mchapakazi, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Kwa neema ya Mungu na ushirikiano wa wenzangu tumewahudumia wazee vizuri. Nitashukuru sana endapo ombi langu litafikiriwa.”

Nisahihishie makosa. Mwisho wa kupokea maombi ni mwisho wa Machi.

Mwanao,
Aikaeli Mshana


Kingsbury
8 Februari 2025

Aika, marahaba.

Makosa hakuna. Barua yenyewe ndiyo kosa.

Bahati nzuri nimeisoma nikiwa nimekaa. Mwanangu, barua hiyo nimeisoma maisha yangu yote, linalobadilika ni jina la chini tu. Mcha Mungu, mchapakazi, mazingira magumu. Hata mvivu huandika mchapakazi, tena yeye ndiye huanza nalo.

Sasa nisikilize. Atakayeisoma ana rundo mezani na chai yake inapoa. Hakujui wewe wala haijui Same. Anajiuliza kitu kimoja: huyu nikimkabidhi wahudumu wangu na wazee wangu, nitalala usingizi? Mjibu hilo. Watoto wako, ndoa yako, dini yako, huku hawaruhusiwi hata kukupimia kwa hayo, na wewe unawabebesha. Toa. Heshima na taadhima, toa. Mungu naye mwache kanisani. Yeye hatafuti kazi, unayetafuta ni wewe.

Halafu hiyo “tumewahudumia”. Wewe na nani? Kwangu ulikuwa ukiingia peke yako na mwavuli wako. Najua tulivyolelewa. Nimekulia Tanga, dukani kwa baba, na mtoto akisema mimi, mimi, anafinywa. Lakini msomaji wa hapa akiona “tulifanya” anadhani wenzako walifanya na wewe ulishika mlango. Nataka “mimi”, na nataka tendo. Moja, la mikono yako, lililobadilisha kitu.

Iandike kwanza kwa Kiswahili. Kiingereza tutaivisha baadaye. Kwa Kiingereza unajificha.

Shiku hajambo. Chai yake ni maji yaliyopita karibu na majani. Minal alikuja kutoka Leicester na wimbo wake uleule: chumba changu kwake kiko tayari, nyumba hii niiuze, sifai kukaa peke yangu. Nimemwambia binti yangu kwamba mimi ni mzima kabisa na nyumba hii nitatoka nikiwa nimebebwa.

Lila


Barking
17 Februari 2025

Mama Minal, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwenye basi nikacheka mpaka jirani yangu akahama kiti. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha. Nimejaribu kuandika hiyo “mimi” yako, kila nikiiandika namwona bibi yangu kule Upareni amesimama mlangoni ananitazama. Lakini nimejikaza:

“Mimi nilipanga zamu za Krismasi na kila mwenzangu akapata siku ya kupumzika. Mimi hutunza muda. Mimi ni msikivu. Mimi hupenda kujifunza.”

Imekaaje?

Jambo jingine, wanataka wadhamini wawili, na mmoja lazima awe ndugu wa mzee niliyemhudumia. Watampigia simu. Nimemfikiria Minal, maana kila Ijumaa alikuwa akinipigia kuulizia hali yako. Niombee kwake, Mama.

Aika


Kingsbury
24 Februari 2025

Aika, marahaba.

Minal amekubali kabla sijamaliza kusema. Anasema wewe ndiye binadamu pekee aliyewahi kunivalisha kofia. Mdhamini unaye.

Zamu za Krismasi ni habari ya kweli, na mimi nimesinzia. Na hizo “mimi” umezimwaga kama mchele kwa kuku. Sikukuambia ziwe nyingi. Nilikuambia zibebe kitu.

Usinichezee, nakufahamu. Uliingia nyumbani kwangu karibu kila siku kwa miaka mitatu. Mtu anayetembea kama wewe, anayefungua makabati bila kuulizwa, lazima ana jambo kubwa kuliko kugawa likizo. Unalo na umelikalia. Lilete.

Lila


Barking
3 Machi 2025

Mama Minal, shikamoo.

Ni kweli, ninalo moja. Lakini limo ndani ya nyumba ya mtu. Wewe unajua kazi yetu. Tunayoyaona bafuni na jikoni kwa watu yanabaki hukohuko. Ofisi niliiambia siku ileile kama inavyotakiwa, hapo sina deni. Kulitembeza kwenye barua ili nipate cheo, hapana. Mtu huyo nilimwahidi kumsitiri.

Nitatafuta jingine.

Aika


Kingsbury
7 Machi 2025

We Aika wee!

Kusitiri gani huko? Nani amekuambia utaje jina? Unaandika “mzee mmoja”, basi, hakuna atakayemjua. Kama roho inakusuta, mwendee umwombe ruhusa. Mtu uliyemwogesha akakunyima neno moja la kukuinua maishani? Akikataa mwambie Lila wa Kingsbury amesema ana roho mbaya, na kama anataka ugomvi aje, niko nyumbani kila siku.

Siku zinakwenda. Andika.

Lila


Barking
10 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Mtu huyo ni wewe.

Ni ile asubuhi ya Novemba. Uliweka maziwa ya chai jikoni ukapanda juu kusali, ukasahau. Nilipofungua mlango moshi ulinipokea kwenye ngazi. Sufuria ilikuwa imeungua mpaka mpini umeyeyuka, na kitambaa cha kufutia vyombo kilikuwa kimeshashika moto. Nilizima gesi, nikakitupa kitambaa kwenye sinki, nikaja kukuchukua. Ulikuwa umekaa mbele ya picha za miungu yako, unanitabasamia, huna habari.

Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Nililia bustanini, wewe ukanibembeleza. Kisha ukanishika mkono ukasema, ofisi waambie, ni haki yao, lakini Minal asijue, akijua nimekwisha, ataniondoa kwangu. Nikakubali.

Sasa unaona nilipokwama. Nikiandika habari hiyo, hata nisipotaja jina, watampigia Minal na watamuuliza, maana ndiye mdhamini wangu. Siwezi kukuuzia nyumba ili mimi nikakae ofisini. Kazi zipo nyingine.

Usikasirike.

Aika


Kingsbury
21 Machi 2025

Aika, mwanangu.

Hukunikosea, ni mimi niliyechelewa kujibu. Kila siku nilichukua kalamu nikairudisha.

Nilijua kwamba kuliungua kitu. Nilikuwa nimejiambia ni sufuria ndogo, moshi kidogo, vijana wanapenda kukuza mambo. Hiyo ya kitambaa kushika moto sikuwa naikumbuka kabisa. Nimekwenda jikoni nikatazama ukuta. Alama iko pale pale, nyuma ya kalenda. Kalenda niliitundika mimi.

Andika. Si kwa huruma, nisikuone unalia barua yangu ikiwa mkononi. Nimesoma maombi ya watu wengi, na nakuambia kama ningekuwa mezani pale na habari hii ikanifikia, ningesimama nikafunge mlango ili nisisumbuliwe. Lakini moto si habari. Moto hata jirani angeuzima. Nieleze ulifanya nini baadaye, moshi ulipokwisha. Hapo ndipo kiongozi anapoonekana.

Minal nitamwambia mwenyewe.

Lila


Barking
24 Machi 2025

Mama Minal, shikamoo.

Nimeandika asubuhi moja tu, mkono haukukataa. Mwanzo wake ni huu:

“Asubuhi moja nilimkuta mzee niliyekuwa nikimhudumia yuko ghorofani, na jikoni kwake moto umeanza. Niliuzima na kumtoa nje salama. Lakini naandika kwa sababu ya niliyoyafanya baadaye. Siku ileile nilitoa taarifa ofisini. Niliomba ratiba ibadilishwe ili mzee huyo awe wa kwanza, mhudumu afike kabla ya saa yake ya chai. Niliwaita watu wa zimamoto wakafunga king’ora jikoni. Kisha niliwafundisha wenzangu kwamba nyumba yoyote wakiingia, kabla ya kuvua koti, watazame jiko. Leo kampuni yetu yote hufanya hivyo. Mzee huyo bado anaishi nyumbani kwake. Nataka kuwafanyia wazee wenu na wahudumu wenu jambo hilohilo.”

Nimeisomea familia yangu mezani. Watoto walinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao, lakini mdogo aliuliza kama kweli ni mimi.

Umeshamwambia Minal?

Aika


Kingsbury
27 Machi 2025

Aika, marahaba.

Sasa hiyo ni barua. Nimeisoma mara mbili na mara ya pili haikuwa ya kutafuta makosa.

Mwishoni usiombe kufikiriwa. Sema unaweza kuanza lini, na kwamba utafurahi kuzungumza nao. Shukuru kwa neno moja, weka jina lako, nyamaza. Anayeshukuru sana mwishoni huonekana tayari ameshakataliwa. Na isizidi ukurasa mmoja hata wakikulipa.

La Minal niachie mimi. Mama yake ni mimi.

Itume leo.

Lila


Barking
22 Aprili 2025

Mama Minal, shikamoo.

Wameniita! Nilikaa mbele ya watu watatu na wa katikati aliniambia ameikumbuka barua yangu akiwa kwenye treni. Waliniuliza habari ya kutazama jiko kabla ya kuvua koti, nikaeleza, nikasema mimi bila kumwona bibi mlangoni. Nilitoka pale natembea kama mwenye mtaa.

Furaha hiyo haikukaa. Wiki iliyopita walimpigia Minal. Walimuuliza yeye kama ndugu wa mzee anaonaje nilivyoshughulikia moto ule. Moto upi? Ndivyo alivyowajibu. Aliusikia kwa mtu asiyemjua, akiwa kazini kwake, mbele ya watu.

Kisha akanipigia mimi. Mama, sijawahi kumsikia Minal akipaza sauti. Aliniuliza nilikuwa namficha mangapi mengine kila Ijumaa. Nikamwambia mama yako ana akili zake timamu, aliniomba, na mimi nilimheshimu. Akakata simu.

Hukumwambia. Uliniambia nikuachie na nikakuachia. Nimekukasirikia, nakuambia wazi ili isikae moyoni. Na nina wasiwasi na wewe zaidi ya hasira.

Aika


Kingsbury
28 Aprili 2025

Aika.

Nikasirikie, ni haki yako. Kila alipokuja kunitazama nilikuwa nasema nitamwambia wiki ijayo, na nilikuwa najiamini kabisa kwamba wiki ijayo ipo. Hilo ndilo tatizo la watu wanaojiamini.

Amekuja. Ameondoa kalenda ukutani bila kuuliza, kana kwamba alijua. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliuosha ule ukuta kwa sabuni na hautoki. Kisha akaniambia kwa upole kwamba dalali wa nyumba atakuja katikati ya mwezi wa tano, na kwamba bustani yake Leicester inapata jua. Nyumba hii mimi na marehemu baba yake tuliinunua tukiwa na mabegi mawili. Sitaki jua la Leicester.

Lakini usinione nimekata tamaa. Kuna kazi nimefanya maisha yangu yote na sijapata kuifanya kwa ajili yangu. Namwandikia Minal barua ya maombi. Naomba nafasi ya kukaa nyumbani kwangu. Unacheka? Mimi sicheki. Nimeiandika hivi, nitazamie kabla sijaiposti:

“Kwa binti yangu mpendwa. Mimi mama yako ni mtu mwenye afya njema, makini, na mzoefu wa nyumba hii kwa zaidi ya miaka arobaini. Tumekulea hapa mpaka ukawa mtu. Majirani wote wananifahamu na dukani wananiletea mboga mlangoni. Nitashukuru sana endapo utanifikiria.”

Nimeibana, haizidi ukurasa.

Lila


Barking
2 Mei 2025

Mama Minal, shikamoo.

Makosa hakuna. Barua yenyewe ndiyo kosa.

Mwenye afya njema, makini, mzoefu! Hata aliyeunguza nyumba huandika makini. “Tumekulea”, wewe na nani? “Endapo utanifikiria”, jamani, Mama, ni wewe huyu? Majirani na mwenye mboga hawaombi kazi. Unayeomba ni wewe.

Na sufuria haimo kwenye barua yako. Minal akiisoma atatafuta kitu kimoja tu, na asipokiona hatasoma kingine. Anajiuliza: huyu nikimwacha humo, nitalala usingizi? Mjibu hilo. Iweke sufuria mwanzo kabisa, na mpini ulioyeyuka, na kalenda. Kisha umweleze ulichofanya moshi ulipokwisha.

Utasema hukufanya kitu. Ulifanya, na ni kikubwa, na umekuwa ukiniandikia bila kujua. Tangu Novemba hujagusa jiko bila mimi pembeni. Nimemuuliza Shiku, ameapa. Wewe, mtu wa Tanga, uliyenifundisha kupika chai ya tangawizi na iliki na kunisimamia mpaka ipande mara tatu, umekaa tangu Januari unakunywa maji yaliyopita karibu na majani, kila asubuhi, kwa sababu siku ile ya moto uliniahidi kwamba hutachemsha chai mimi nikiwa sipo. Hakuna aliyekulazimisha. Mtu anayeweza kunywa chai ya Shiku miezi yote hiyo kwa ajili ya kukaa kwake, huyo anafaa kukaa kwake. Andika hilo.

Na usimwandikie Kiingereza. Andika Kigujarati chenu cha nyumbani. Kwa Kiingereza unajificha.

Kazi nimepata. Nilitaka iwe ya kwanza kwenye barua hii, ila yako ilinipandisha hasira nikaanza nayo. Naanza mwezi wa sita. Nimeshukuru kwa neno moja, kama ulivyonifundisha, kisha nikaenda chooni nikalia.

Aika


Kingsbury
9 Mei 2025

Aika, mwanangu, kiongozi wa wahudumu! Hongera, hongera, hongera. Nimemwambia Shiku, nimemwambia mwenye mboga, na nimemwambia marehemu mume wangu pale kwenye picha yake. Wote wamefurahi.

Habari zako? Mumeo hajambo? Watoto? Magoti? Ona ninavyosalimia leo. Barua zangu zote nimekuwa nikiingia bila hodi.

Nilisoma masahihisho yako nikakasirika mpaka mchana. Mimi kusahihishwa na mtu niliyemsahihisha juzi! Mchana nikaisoma tena barua yangu kama vile imeandikwa na mtu nisiyemjua, na kweli, ningeiweka pembeni.

Basi nimeandika upya. Nimeanza na sufuria. Nimemwambia Minal kwamba nilisahau maziwa jikoni, moto ukawaka, na mimi sikujua. Nimemwambia nilitundika kalenda ili asione, na kwamba kumficha kulikuwa kubaya kuliko moto, kwa sababu moto ulikuwa bahati mbaya na kalenda niliitundika kwa mkono wangu. Ya chai ya Shiku nimeiandika yote, pamoja na ladha yake. Mwisho nimesema niko tayari kukaa hapa kwa masharti atakayoweka, na siku nikiweka chai jikoni peke yangu, nitapanga mabegi mwenyewe. Sikuomba kufikiriwa. Nimesema naanza wakati wowote.

Naogopa. Nikitoka nyumba hii sijui nitakuwa nani.

Amejibu kwa ujumbe mfupi kwa Shiku: dalali amesimamishwa kwanza, na kabla hajaamua anataka kuzungumza na mdhamini wangu. Nimekuweka wewe. Sina mwingine. Atakupigia wiki ijayo, na safari hii hakuna cha kusitiriana. Akikuuliza, mwambie yote, hata yanayonichoma. Usinisitiri.

Lila


Barking
18 Mei 2025

Mama Minal, shikamoo.

Minal amepiga leo mchana. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa.

Kwanza aliniomba radhi kwa ile siku, na mimi nikamwomba radhi kwa zile Ijumaa. Kisha akauliza kama walivyouliza wale watatu, moja baada ya jingine. Kama unasahau. Nikasema ndiyo, unasahau, majina na miadi, na mwaka huu zaidi ya mwaka jana. Kama uliwahi kuanguka. Nikasema mara moja, bafuni, nikamweleza ilivyokuwa. Kama unakubali kuambiwa. Nikasema siku ya kwanza hapana, siku ya pili ndiyo. Alicheka hapo. Nilimwambia pia Shiku afike mapema zaidi na aje na jioni, na jiko la gesi litolewe, waweke la umeme linalojizima. Amesema jiko analinunua yeye.

Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, Mama, Minal ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza: “Aika, wewe ungempa hiyo nafasi?”

Nikamwambia, mimi ningempa.

Sikusema tungempa. Sikumtaja Mungu wala wenzangu. Nilisema mimi, na nilimaanisha.

Akasema sawa. Akasema nikuandikie mimi, kwa kuwa simu husikii na kwa kuwa barua zako zimemliza vya kutosha. Muda wa majaribio ni hadi sikukuu yenu ya Diwali, mwezi wa kumi. Ataikagua kazi yako kila mwisho wa mwezi, na atalala hukohuko, kwa hiyo mtandikie.

Nafasi umepata, Mama. Unaanza leo.

Aikaeli Mshana